Kesi ya Sukari Iliyofika Ujerumani

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata uzee haujaifuta. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa Kijerumani katika shule moja ya Jinja, nikafika Mbale kwa shangazi Zahara, aliyenilea, nikiwa na barua mkononi na hasira kifuani.

Nilikuwa nimesoma Ujerumani miaka miwili, nikarudi na kichwa kikubwa. Nikaandika kitabu cha watoto kwa Kijerumani, habari za msichana Hanna anayecheza thelujini. Mchapishaji mmoja wa huko akanirudishia mswada. Kijerumani chako ni safi, aliandika, lakini huyu mtoto hatumwoni. Mimi nikasema wananidharau. Ujana bwana! Nyani haoni kundule.

Shangazi alikuwa akisuka kawa. Sisi ni Wanubi, na kawa zake za rangi zilifunika vyakula katika nyumba nyingi za mtaa wetu. "Nisomee," akaniambia. Nikamsomea, nikitafsiri kwa Kiswahili. Ukurasa wa tatu akainua mkono.

"Huyo Hanna, asubuhi anakula nini?"

"Sijui, shangazi."

"Mama yake akikasirika, anamwita namna gani?"

Nikapekua kurasa, hamna.

"Basi huyo mtoto si wako. Wewe ukiwa mdogo ulinikulia sukari, ukasema ni paka. Mimi nikaita paka wote ya jirani, nikawapanga hapa, nikawauliza moja moja. Hiyo umeandika?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani tu. Wazungu watayasoma kwa nini?"

Akaweka kawa chini. "Kumbe nyumbani ni aibu."

Hakunigombeza zaidi. Aliingia ndani kutia udhu, akaniacha na karatasi zangu. Afadhali angenichapa. Unajua, shuleni kwetu Uganda wenzangu walinicheka kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, nami nikajizoeza kuficha kila kitu cha kwetu. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilikuwa nimejiuza mwenyewe.

Nikarudi Jinja, nikaanza upya. Mwaka mzima niliandika kwa Kijerumani kesi ile ya sukari, na kila Ijumaa niliwasomea wanafunzi wangu, pasipowachekesha, nafuta. Neno kawa nililiacha lilivyo. Mchapishaji yule yule akakitoa kitabu, na mwaka uliofuata kikatajwa kati ya vile vinavyowania tuzo kubwa ya vitabu vya watoto na vijana vya Kijerumani. Wakaniita Ujerumani kwenye sherehe.

Ukumbi ulijaa. Katika tuzo ile, baadhi ya majaji ni vijana wenyewe. Akapanda jukwaani msichana wa miaka kama kumi na mitatu, ameshika bahasha. "Mimi nilimsingizia mdogo wangu," akasema. "Nilipomaliza kusoma kitabu hiki, nilikwenda kumwomba msamaha." Kisha akataja jina langu lote, pamoja na la ukoo wetu, wala halikumkwama mdomoni.

Watu wakasimama. Nikapanda, mwanangu, na nilipofika kwenye kipaza sauti, neno la kwanza lilitoka kwa Kiswahili: "Shangazi Zahara, tumeshinda!" Sidhani kama yupo aliyeelewa, lakini wote walipiga makofi.

Mbale nilipokewa kwa vigelegele, pilau tayari imeiva. Shangazi akaipokea ile tuzo kwa mikono miwili, akaitazama, akaiweka kando. "Sasa kaa chini, wasomee watu." Nikasoma mpaka adhana ya alasiri, yeye akicheka na kujifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Sasa nisikilize. Jifunze lugha za watu, uzijue mpaka wenyewe wakushangae. Lakini ukishazijua, zipelekee kile ulichokiona kwa macho yako. Kazi yako ikirudishwa, isome tena kabla hujamlaumu aliyeirudisha. Na kwenu usikuonee haya, maana mcheza kwao hutunzwa, hata ngoma ikichezwa ugenini.

Mola akufungue ulimi, aibariki kalamu yako, na siku utakapoitwa mbele za watu, waliokulea wawe hai wakusikie. Amina.