Barafu ya Mheshimiwa

Ilitangazwa rasmi, ikatangazwa tena kwa waliokuwa wamesinzia, kwamba gesi iliyoganda ndani ya matope ya sakafu ya bahari itamfikia kila mwananchi, jikoni kwake.

Wakati huo, gesi yote iliyokwisha kutolewa huko chini ilikuwa ndani ya friza ya stoo katika kituo cha utafiti: vipande sita vyeupe, kila kimoja kama sabuni ya kufulia iliyotumika nusu. Ukikiwashia kiberiti, kinawaka. Ukikiacha kwenye joto, kinageuka maji na gesi inakwenda zake. Mtunzaji alikuwa Mama Friza, kibarua kwa miaka kumi na mmoja. Mkuu wa kituo alimwahidi kwamba barafu ikiwaka mbele ya Waziri, barua yake ya ajira ya kudumu itasainiwa siku hiyohiyo.

Basi akabandika karatasi kwenye friza, kwa wino mzito: BARAFU YA MHESHIMIWA.

Siku ya ziara akakuta friza tupu. Akamkimbilia mpishi.

"Dada, barafu ya stoo iko wapi?"

"Kwenye juisi. Si umeandika mwenyewe ni ya Mheshimiwa? Ya jikoni nimeiacha, haina hadhi."

"Yote?"

"Wageni tisa, vipande sita, ningebana wapi? Na wameisifu. Wanasema inachemka mapovu kama soda."

Ukumbini wageni walikuwa wakicheua kwa adabu, viganja midomoni.

Mkuu wa kituo alipoambiwa, hakupandisha sauti. "Chukua ya jikoni, imwagie spiriti ya maabara. Moto ni moto."

"Na barua, mkuu?"

"Na barua ni barua."

Iliwaka buluu, tena vizuri kuliko ile ya baharini ilivyowahi kuwaka. Waziri akapiga makofi, wengine wakamfuata kwa kufuata vyeo. Barua ikasainiwa juu ya meza ileile, kando ya jagi.

Mama Friza akarudi stoo kujaza daftari. Kwenye safu ya "Matumizi" kalamu ikasita: kudanganya akiwa kibarua angeweza, lakini si siku yake ya kwanza ya ajira. Akaandika alichokijua.

Ndiyo maana kumbukumbu za kituo zinaonyesha kwamba, hadi leo, gesi ya chini ya bahari imewafikia wananchi tisa.