Bado Siuiti Udongo

Mavi mabichi ya ng'ombe yana harufu ya majani yaliyotafunwa, mkojo na jua, na ikishaingia puani inakaa humo, hata ugali ukila unaisikia. Mavi hayohayo ukiyarundika kivulini, ukayamwagia maji, ukayageuza na kuyaacha miezi, yanatoa harufu nyingine kabisa, ya ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza. Katikati ya harufu hizo mbili hakuna kazi kubwa. Kuna kusubiri tu. Na mimi kusubiri kulinishinda tangu nikiwa darasa la nne, mwaka ule tuliokaa machimboni upande wa Geita, Mama akitaka bustani na Baba akitaka uwanja wa nyuma umwingizie kitu.

Tulikuwa tumetoka Kolandoto, Shinyanga, kwa bibi, ambako mboga hainunuliwi. Kule ukitaka mchicha unazunguka nyuma ya jiko, unachuma, unarudi kabla maji hayajachemka. Machimboni tulikuta kila kitu kinakuja na gari. Mchicha ulifika umelala kama nguo iliyofuliwa, nyanya zimebonyea, na vyote vina vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu zinazounguruma kutwa mpaka watu wanazoea kuongea kwa kupiga kelele hata wakiwa kanisani. Baba alikuwa anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na akirudi hakutaka habari za mchicha. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa na uwanja mzuri kwa nyuma, na jamaa mmoja mwenye karasha alishauona. Alimwambia Baba kwamba angeiweka mashine yake pale na kila wiki kingekuwepo cha kugawana. Mama akakataa. Alisema mtoto anakohoa tayari, na mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Wakavutana siku kadhaa kwa Kisukuma cha chini chini, wakidhani sisikii, mwisho Baba akasema, "Haya, Mama Kabula. Mvua zikishika nikute kitu cha kijani kimesimama hapo nyuma. Nikikuta patupu, nampa mtu uwanja wake." Mama akajibu, "Tumekubaliana," akaniangalia kana kwamba na mimi nimesaini.

Shida ni kwamba pale nyuma hapakuwa na udongo wa kupanda chochote. Ulikuwa ukipiga jembe linaruka. Waliokaa pale kabla yetu walimwaga kifusi cha shimoni, kwa hiyo ilikuwa changarawe nyeupe juu ya ardhi ngumu kama sufuria. Mama akasema hapo dawa ni samadi, tena iliyoiva. Jirani wetu Mzee Shija alikuwa na zizi, lakini samadi yake ya zamani yote ilishaenda kwenye mahindi, iliyobaki ilikuwa ya juzi na ya jana. Alitucheka kwamba watu wote pale wanatafuta kinachong'aa, sisi tunatafuta kinachonuka. Tukabeba hivyohivyo. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, Mama akapiga hesabu kwamba mpaka mawingu yarudi itakuwa imeiva. Tulibeba kwa karai kichwani, mimi na yeye, na wenzangu wa darasani wakanipa jina la Mama Zizi, jina ambalo lilinifuata mpaka nilipohama shule.

Tulirundika chini ya mpera, tukafunika kwa majani ya migomba. Maji yalikuwa ya kugombania kule, kwa sababu kila ndoo ilikuwa inatakiwa kwenye kuoshea mchanga, kwa hiyo rundo letu lilikunywa maji ya kuoshea vyombo na maji niliyoogea. Mabaki ya jikoni nayo yalienda humohumo, nyanya zilizooza, mbegu za maboga, maganda ya viazi. Asubuhi lilikuwa linafuka moshi kama uji, na hicho ndicho kitu pekee kilichonifurahisha. Mama alichomeka kijiti kirefu katikati. Kila baada ya siku chache alikichomoa, akakishika kwa kiganja, akanipa na mimi nishike. Kikiwa cha moto, akasema, "Bado linapika." Tukageuza kwa chepe, tukafunika tena. Niliuliza lini. Bado. Niliuliza tena. Bado. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia maandazi kwenye mafuta, sasa unaniambia nichungulie mavi mwezi hadi mwezi. Niliona miche ya nyanya tuliyoiatika kwenye ndoo zilizotoboka inarefuka, naona Baba akipita anaangalia uwanja na kuguna, na rundo lenyewe limekaa tu, linapungua badala ya kuongezeka. Nilikuwa nalipiga teke Mama akigeuka.

Halafu siku moja kijiti kikatoka cha baridi. Mama akachota mkononi, akaminya, akafungua vidole. Kilikuwa kitu cheusi, chepesi, kinachomeguka, hakina harufu ya ng'ombe hata kidogo. Nikasema, mavi yameiva. Akanikatiza, Kisukuma kikitangulia. "Yaya, mwanangu, hapana. Haya siyo mavi tena. Sasa huu ni udongo. Ukiuita mavi unautukana." Akapiga marufuku neno lile nyumbani. Kuanzia siku hiyo ikawa udongo, udongo wetu, leta udongo, usikanyage udongo. Baba naye akazoea, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Mzee Shija kwamba mke wake ana udongo mweusi mpaka unatamani kuula. Tukaujaza kwenye viroba, tukavifunga kamba, tukavipanga ukutani chini ya mabati ili mvua isije ikaukuta nje. Jumamosi tungechimba mashimo.

Ukutani hapohapo kulikuwa na viroba vya Baba mdogo Masanja, ndugu yake Baba. Huyu alikuwa haishi kununua marudio, yaani mchanga ulioshaoshwa dhahabu na mwenyewe akauacha, ambao mwingine anauosha tena akiamini wa kwanza alikuwa mzembe. Baba mdogo aliamini watu wote duniani ni wazembe. Na yeye viroba vyake alikuwa anaviita hivyohivyo, udongo. Machimboni kila kinachotoka chini ni udongo mpaka kitoe mali.

Ijumaa mimi nilikuwa shule, Mama ameenda kisimani. Baba alikuwa amelala, ametoka shimoni asubuhi ile. Akaja kijana wa mkokoteni, akabisha, akasema ametumwa na Masanja kuchukua udongo. Baba hakutoka hata kitandani. Alimjibu kupitia dirishani, "Upo ukutani hapo, chukua." Kijana akachukua vilivyokuwa mbele.

Nilirudi shule nikamkuta Mama amesimama mbele ya ukuta. Ndoo ya maji ilikuwa bado kichwani. Alikuwa anaangalia viroba vya marudio vilivyobaki, na pale pengine pote palikuwa patupu. Hakuniitikia hata shikamoo yangu. Alitua ndoo, akanishika mkono, tukaondoka karibu tunakimbia kwenda mwaloni, pale bondeni wanapooshea mchanga.

Tulichelewa. Tulimkuta Baba mdogo amekunja suruali, anamimina kiroba cha mwisho juu ya mwalo, ule ubao wenye blanketi la kunasia dhahabu, kijana wa mkokoteni anamwagia maji kwa ndoo. Maji yalikuwa yanateremka meusi kama chai ya rangi, yana vipande vya majani, yanaingia kwenye tope lililojikusanya chini ya mwalo. Wanaume waliokuwa jirani walishaelewa siku nyingi, wamekaa kwenye mawe wanajikaza wasicheke kabla mchezo haujaisha. Mama akauliza kwa upole kabisa, upole ulionitisha, "Shemeji, unaosha nini?"

"Udongo wangu, shemeji," Baba mdogo akasema. "Wa safari hii mweusi. Mweusi ndio unakuwaga na mali."

"Na hayo majani yanayoelea?"

Akayaangalia. Akasema labda yametoka kwenye blanketi. Hapo ndipo wale wa kwenye mawe walipoanguka kwa kicheko. Mmoja akamwambia aendelee kuosha, atapata ndama. Baba mdogo akachota kidogo akanusa, akachota tena, na uso wake ukabadilika polepole, halafu, yaani sitasahau, na yeye akaanza kucheka. Walicheka wote. Mama akageuka tukaondoka. Njiani sikulia kwa sababu yeye hakulia, lakini nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana kila mtu alikuwa amesema kweli. Kijana alitumwa udongo. Baba alisema udongo upo ukutani. Baba mdogo aliosha udongo. Na aliyeupa jina hilo alikuwa Mama mwenyewe.

Nyumbani Baba aliposikia alisema pole. Akasema hakujua ni upi. Mama akamuuliza kwa nini hakuinuka kuangalia, akasema alikuwa amechoka, na ni kweli alikuwa amechoka. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba alisahau, wala siwezi kuapa kwamba alikumbuka. Nilichokitaka ni aseme basi, muda uongezwe, msubiri mwingine upike. Hakusema. Alisema Mzee Shija ana samadi tele, si mkachukue nyingine leo leo mpande.

Na mawingu yalikuwa yameshaanza. Mama alijua. Akachukua karai. Tukabeba mavi ya wiki ile, bado yana unyevu, tukayachanganya na changarawe, tukachimba mashimo na kuhamisha miche. Mimi nilifurahi, mnisamehe, niliona angalau tunafanya kitu. Kwa siku chache nyanya zilisimama vizuri, hata Baba akaziangalia akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha ncha za majani zikawa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kahawia ikapanda. Nikichomeka kidole pale chini nasikia joto. Nilimwagia maji, nikazidi kumwagia, na maji yakawa kama yanachochea. Mvua iliposhika kwelikweli hapakuwa na kitu cha kijani, palikuwa na vijiti.

Baba hakutukana wala hakusimanga. Alimpa yule jamaa uwanja wake, karasha likaja limebebwa na watu na magogo, likafungwa chini palepale penye mpera, na mpera ukakatwa kwa sababu matawi yalikuwa yanagusa mkanda. Kuanzia hapo tulikula vumbi. Nilikohoa mwezi mzima wa kwanza wa muhula.

Lakini kilichonikata maini siyo karasha. Ni siku niliyotumwa kumpelekea Baba mdogo chakula mwaloni, mvua zikiwa katikati. Chini ya mwalo, kwenye lile tope, kulikuwa na bustani. Nyanya zimetambaa juu ya mawe, zimezaa mpaka matawi yamelala. Maboga yametandaza majani mapana kama masinia. Zilikuwa mbegu zetu, zile tulizotupia rundo tukidhani zimeoza, na udongo wetu chini yake. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyemwagilia. Nilijaza nyanya kwenye sketi ya shule, nikakimbia nazo nyumbani. Mama akazitazama. Alichukua moja, akaigeuza, akaipangusa na khanga, nikadhani ataila. Akaniuliza nimezitoa wapi, nikamwambia. Akazirudisha zote kwenye sketi yangu moja moja. "Pale wanakamatia dhahabu kwa zebaki, ni sumu," alisema. "Kazitupe chooni. Na unawe." Nilimwambia ni zetu. Akasema anajua ni zetu. Niliporudi kutoka chooni nilimkuta amekaa jikoni anachambua mchicha wa dukani, anapuliza vumbi jani kwa jani. Mwaka uliofuata tulirudi Shinyanga, mimi na yeye. Baba alibaki kule.

Sasa tunakaa Ngokolo, vyumba viwili na kiuwanja. Nimemaliza kidato cha nne na nasubiri, kila mtu ananiambia nisubiri, matokeo, nafasi, wito, sijui nini. Mwenye nyumba anataka kiuwanja chetu ajenge fremu ya duka. Anapita Jumapili baada ya misa, anaweka mikono nyuma, anasema, "Hapa mnapatumia kweli?" Sura tofauti, swali lilelile, na ninajisikia darasa la nne. Ninalo rundo, samadi nimeifuata kwa toroli kwa mfugaji wa nje ya mji. Nina kijiti. Nakishika kila asubuhi, na siyo kila baada ya siku chache kama Mama alivyonifundisha, kwa sababu bado sijajifunza kusubiri, nimejifunza tu kutokuhamisha miche kabla ya wakati.

Juzi kijiti kilitoka cha baridi. Tukajaza viroba. Mama akaminya, akafungua vidole, akacheka peke yake. "Ona, Kabula. Udongo huu." Nikaenda ndani nikachukua rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la mlango, nikaandika kwenye kila kiroba, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, MAVI YA NG'OMBE. Mama akaniambia nifute, wapangaji watatuonaje, na kwanza siyo kweli, yameshaiva. Najua yameiva. Sijafuta. Siku nikichuma nyanya pale na kuila nikiwa nimesimama palepale, ndiyo nitauita jina lake.