Salamu za Ng'wana Sayi

Sikuwa usingizini, sikuwa nimelewa, na chai nilishakunywa. Ilikuwa asubuhi, jua limeanza kuuma, na kila aliyefungua redio yetu siku ile alimsikia yule mama kama nilivyomsikia mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilimwona pia.

Zilikuwa siku ambazo redio za watu binafsi zimeanza kuingia mikoani. Yetu ilikuwa Bariadi, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na hapakuwa na njia ya kufika studio ila kupita mbele ya kaunta ya dukani. Kila asubuhi niliendesha kipindi cha hali ya maisha: sukari imepanda, mafuta ya taa yamepanda, pamba imeshuka. Watu walipiga simu, wakalalamika, wakataniana. Siku hiyo tulizungumzia wakulima wanaouza mahindi ya chakula mara tu baada ya kuvuna.

“Hili ni soko huria,” alisema mfanyabiashara mmoja mwenye lori. “Mimi simshiki mtu mkono. Analeta, napima, nalipa.”

Mzee mmoja wa Dutwa akamjibu, “Unapima kwa debe gani, baba? Lile lenye mimba?”

Kulwa, fundi mitambo wetu, alicheka nyuma ya kioo mpaka akajiziba mdomo. Debe la kununulia mahindi lilikuwa likigongwa kwa ndani, linatoka tumbo, linameza zaidi. Watu walijua, na waliuza hivyo hivyo. Ungefanyaje, na shida iko mlangoni?

Niliweka muziki. Nilipogeuka kuchukua maji, mama mmoja mzee alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa mama zetu wakipepeta nafaka. Nilidhani Kulwa kamruhusu. Kulwa, niliambiwa baadaye, alidhani nimemwalika mimi. Nilimwonyesha kiti, hakukitazama. Basi wimbo ulipoisha nikamshushia kipaza sauti pale pale chini.

“Mwangaluka,” alisema. Ndiyo salamu yetu Wasukuma ya asubuhi.

“Mwangaluka, mayu,” nikaitikia, kama mtu anavyomwitikia mama yake. “Jina lako na unakotoka?”

“Ng'wana Sayi, wa kule Dutwa. Nataka kuwasalimia wa kwangu.”

Salamu zilikuwa na kipindi chake na kadi zake za kununua, lakini ungemwambiaje mtu mzima kama yule? Nikamwacha aendelee.

“Masunga, mwangaluka. Minza, mwangaluka.”

Kisha akatulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu aliyebisha hodi akawa anasikiliza kama wenyeji wapo. Redioni kimya ni kitu kibaya, msikilizaji huhama. Nikafungua mdomo nizibe pengo, naye akaniinulia kiganja.

“Eeh,” akasema polepole. “Wameitikia.”

Kisha akakisogelea kipaza sauti.

“Masunga, mahindi ya kwenye kihenge usimpe mtu wa lori. Mvua inayokuja si mvua. Njaa mimi naijua, mwanangu, ilinikuta nyumbani.”

“Mama,” nikamuuliza, “unaishi na hao watoto?”

“Mimi nipo pale pale kwangu. Waliohama ni wao.”

Nikamwashiria Kulwa aweke wimbo. Niligeuza shingo tu, na sakafu ikawa tupu. Nikatoka mbio hadi kaunta. Mwenye duka alikuwa akimkatia mteja nondo, na wote wawili waliniambia hawajaona mtu akiingia wala akitoka. Nikarudi, nikagusa pale alipokaa. Sementi ilikuwa ya baridi kama tumbo la mtungi.

Utaniuliza, kanda iko wapi? Haipo. Kanda zilikuwa ghali, na kipindi kile hatukukirekodi.

Kesho yake asubuhi alikuja mwanamume kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

“Mimi ndiye Masunga,” akasema. “Yule mama mlimtoa wapi?”

“Alikuja mwenyewe.”

“Mama yangu tulimzika kwenye boma letu la zamani. Tulipohamia kando ya barabara, kwa ajili ya biashara, tulimwacha hukohuko.”

Akanieleza. Walikuwa uwanjani wanapukuchua mahindi, redio imetundikwa kwenye nguzo. Na kwetu, wewe mwenyewe unajua, mtangazaji akisalimu, watu humwitikia kana kwamba yumo nyumbani. Minza, mkewe, aliitikia kabla hajafikiri. Yeye akafuata.

“Nimemwitikia marehemu,” alisema. “Wazee walitukataza. Ukimwitikia umekubali kusikia, na ukisikia umekubali kutenda. Usipotenda anakuja kukaa mpaka utende.”

“Na mahindi?”

Akatazama gurudumu la baiskeli. “Lori lilikuja jana jioni. Neno nilikwishampa yule mtu, na nilitaka bati. Minza alinishika shati, akasema mama amekataa. Nikamwambia redio haina mama.”

“Umeuza yote?”

“Kihenge kimebaki na panya.”

Aliniomba jambo moja, azungumze redioni amwombe mama yake radhi. Nikamwingiza studio, nikampa kipaza sauti. Akasema, “Mayu, mwangaluka,” akangoja. Mimi nilikuwa na visikilizi masikioni na sikusikia kitu, ila mtu anayepumua, karibu sana, na Masunga alikuwa amezuia pumzi yake.

Mvua za mwaka ule zilikuja zikagusa vumbi zikaondoka. Bei ya unga tuliisoma redioni kila asubuhi, ikipanda. Nilikwenda Dutwa kuandaa taarifa ya njaa, nikafika kwa Masunga. Nyumba ilikuwa na bati jipya, inang'aa. Yeye mwenyewe nilimkuta barabarani kwenye foleni ya mahindi, kwa mtu yule yule wa lori. Na debe la kuuzia, nililiona kwa macho yangu, lilikuwa limegongwa kwa nje. Tumbo lilikuwa limeingia ndani.

“Nenda kamsalimie Minza,” Masunga aliniambia. “Labda wewe atakusikia.”

Minza alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, ungo mtupu mapajani. Redio ilikuwa kando yake, kifuniko cha nyuma wazi, haina betri. Waliziuza wapate chumvi. Nilimsalimia, hakugeuka. Kisha akainamisha kichwa upande, akasikiliza, akasema kwa heshima yote ya mkwe, “Mwangaluka, mayu. Masunga bado hajarudisha mahindi.”

Wameshahama, wamerudi kwenye boma la zamani. Masunga hulima, na kihenge chake hakijafunguliwa tena kwa mnunuzi yeyote. Minza bado anaitikia.

Kwa hiyo wewe unayepukuchua mahindi redio ikiwa nguzoni, bei zisikilize, wanasiasa uwacheke, lakini salamu usiiitikie mpaka umejua kwamba anayesalimu bado anakula. Na ukiwa umeshaitikia, funga kihenge. Mtu wa lori mwambie aende.