Nyayo Zilizofika Mpaka Mkekani kwa Sebati

Mtoto alilala alfajiri, jogoo wa pili akiwa ameshawika, na ndio saa Sebati alipotakiwa kuamka. Meno ya kwanza yalikuwa yanamtoka Bulu. Siku mbili hizo hakutaka ziwa, hakutaka mgongo, hakutaka kulazwa. Alitaka kubebwa na kutembezwa barazani, huku na huku, kama mama yake ni askari wa zamu. Sebati akamlaza polepole kwenye mkeka, akamfunika kwa kipande cha sari kuukuu, akangoja pumzi yake itulie. Kisha akajinyanyua kwa kushika nguzo.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Margasira. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na kila nyumba ya kijiji cha Kusumpada ilikuwa inamngoja Mama Lakshmi, mungu wa kike mwenye baraka ya chakula. Sakafu husiribwa kwa samadi na udongo kabla jua halijatoka. Kisha huchorwa nyayo ndogo nyeupe kwa rojo la mchele, kutoka uani, zipande kizingiti, ziingie ndani mpaka kwenye pishi ya kupimia iliyojazwa mpunga mpya. Mama huyo hapendi uchafu, hapendi ugomvi, na nyumba iliyolala anaipita.

Kazi ya kusiriba na kuchora ilikuwa ya Sebati. Hakuna aliyempa. Aliichukua mwenyewe, kwa sababu mtu anayelishwa haoni raha mikono yake ikikaa bure.

Na hapo ndipo alipozaliwa. Nyumba ni hiyo hiyo, nguzo ni hizo hizo. Bibi yake alimfundisha kuchora akiwa na miaka saba: unakunja ngumi, unaichovya kwenye rojo, unaigandamiza chini kwa ubavu, ndio kisigino na wayo, kisha vidole vitano kwa ncha ya kidole, tu, tu, tu, tu, tu. Alisoma mpaka darasa la tano. Alipofika miaka kumi na tisa akaolewa ng'ambo ya mto, na mumewe akaenda Surat kwenye viwanda vya nguo, kama wanavyokwenda wanaume wengi wa huko. Mimba ilipotimiza miezi saba, Sebati akaletwa kwao kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Baada ya hapo watu wa mume huja kumchukua mzazi, na sari mpya, na sinia la vitamu.

Bulu ametimiza miezi tisa na sinia halijaonekana. Simu ya mumewe mwanzoni ilikuwa inaita mpaka inakatika. Siku hizi haiiti.

Kwa hiyo kila Alhamisi ya mwezi huo ilimchoma. Wali wa maziwa na sukari guru anaopikiwa Mama Lakshmi hautoki nje ya nyumba. Jirani hapewi. Mgeni hapewi. Hata binti aliyeolewa hapewi, maana ana nyumba yake, asije akaihamisha baraka ya huku kuipeleka kule. Alhamisi tatu zilikuwa zimepita. Kila mara kaka yake, mama yake na wifi yake walikula ndani, na Sebati akakaa barazani na sahani ya jani yenye chuda, ule mchele wa kupondwa bapa anaopewa kila anayepita njia. Hakuwa na uchu wa wali. Alitaka kujua yeye ni wa wapi. Leo ikipita hivyo tena, basi ni mpaka mpunga mwingine uote na uvunwe.

Akasiriba. Akachora. Kibatari kilikuwa sakafuni, bakuli la rojo mkono wa kushoto, na yeye amechutama akirudi nyuma kidogokidogo. Nyayo zikapanda kizingiti, zikaingia ndani, zikafika kwenye pishi. Hapo alikuwa amemaliza. Akatoka, bakuli bado mkononi, akachutama mlangoni apumzishe kiuno, macho yakafumba yenyewe.

Bulu akalia.

Kuna uchovu ambao mtu anatembea nao huku amelala, na wanawake waliowahi kunyonyesha wanaujua. Mkono uliokuwa umechora tangu giza haukuambiwa kwamba kazi imekwisha. Sebati alisogea kuelekea kwenye kile kilio, amechutama vilevile, na ngumi ikaenda kwenye bakuli, ikaenda chini, vidole vitano, bakuli, chini. Alipofika mkekani akaliweka bakuli, akampa mtoto ziwa, na safari hii mtoto akalipokea. Wote wawili wakalala, yeye akiwa ameegemea ukuta, mkono mmoja mweupe.

Alizinduliwa na sauti ya Kumudini, mke wa kaka yake.

"Wifi. Hebu fumbua macho unieleze. Huyu Mama Lakshmi alikuwa anakwenda wapi? Zizini kukamua?"

Sebati akatazama. Kutoka mlangoni, nyayo nyingine zilikuwa zimeanza, zikapinda kushoto, zikafuata ukuta wa baraza mpaka pembeni karibu na zizi, zikaishia kwenye ukingo wa mkeka wake. Zilikuwa zimeshakauka, nyeupe, nzuri kuliko zile za ndani.

"Nilisinzia, wifi. Mtoto alilia."

"Ulisinzia ukachora nyayo kumi na moja? Mimi nikisinzia hata chumvi naisahau."

"Nitazifuta."

Alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua tambara, mama yake akatokea mlangoni. Haramani alikuwa mwanamke mwembamba, asiyesema sana tangu amwachie mkwewe pishi na funguo. Alisimama akaziangalia zile nyayo kwa muda mrefu, mchi begani.

"Hazifutwi," akasema. "Akishaingia hafukuzwi. Mpaka kesho."

"Mama, watu watapita waone," Kumudini akasema.

"Wataona."

Kumudini akasonya, akaenda zake kuwasha moto. Hakuwa mtu mbaya, Kumudini. Alikuwa na nyumba ya kuangalia, na vigae vya jikoni vilikuwa vinavuja tangu mvua za mwaka jana.

Saa tatu hivi akaja mgeni. Alishuka kwenye basi barabarani, akatembea tutani mwa mashamba yaliyobaki mabua matupu, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe na mkoba mgongoni. Alisema anaitwa Sukriti, katoka Kalkuta, alikuwa mfanyakazi wa posta mpaka alipostaafu, na sasa anazunguka vijijini kuangalia michoro ya mavuno. Kioriya, lugha ya huko, alikisema kwa lafudhi ya Kibengali, kikawa laini kama kimetiwa samli.

"Karibu, mama," Kumudini akamwambia. "Pita pembeni. Usimkanyage mwenye siku yake."

"Nimevua viatu tangu uani," mgeni akajibu. "Nyumbani kwetu bibi yangu angenivunja mguu."

Kumudini akacheka. Sebati akaambiwa alete maji. Akaleta, mtoto kiunoni, akasimama. Mgeni akanywa, akajifuta, akavuta pumzi ndefu.

"Pametulia hapa. Mji unanipigia kelele hata nikilala. Nyinyi mnapumzika."

Sebati alisikia ng'ombe wakizunguka kwenye uwanja wa kupuria, ambako kaka yake alikuwa tangu asubuhi. Alisikia mchi wa mama yake. Alisikia ufizi wa Bulu ukisaga bega lake. Akasema, "Ndiyo, mama."

Mgeni akaanza kuzifuata nyayo kwa simu yake, akipiga picha, ameinama, mkono mgongoni. Akaingia kwa ruhusa mpaka kizingitini, akaziona zilivyofika kwenye pishi, akatoka, akaona zile nyingine. Akazifuata hizo nazo, moja moja, bila haraka. Kumudini akaacha kupuliza moto. Mgeni akafika mkekani, ambako Sebati alikuwa amemkalisha Bulu ili apumzishe mkono. Bulu akamtazama mgeni, mate yakimdondoka mpaka tumboni.

"Kwa hiyo huyu ndiye mwenye nyumba," mgeni akasema. "Hajambo, bwana mkubwa? Mbona umekabidhiwa baraka hata meno huna?"

Hakuna aliyecheka. Mgeni, mtu mzima, akatambua kwamba ameweka mguu pabaya, ila hakujua ni wapi. Akakaa kwenye ukingo wa baraza. Kutoka jikoni harufu ya maziwa na sukari guru ilikuwa imeshajaa ua mzima.

"Hiyo harufu," akasema taratibu, "kwetu wali haunukii hivyo."

"Ningekupa mama, haki," Kumudini akasema. "Lakini leo wali huu hautoki. Ni wa watu wa ndani tu. Usinichukie."

"Sikuchukii. Mila haina mjadala."

Kumudini akaleta majani mawili ya chuda, kila moja na ndizi na kipande cha sukari guru. Moja akampa mgeni, moja akampa Sebati. Alifanya hivyo kama anavyofanya kila Alhamisi, bila kufikiri, na mkono wake ukiwa bado umenyooka ndipo alipoona vile majani yale yalivyofanana.

Mgeni naye akaona. Akamgeukia Sebati. "Ah, kumbe na wewe mgeni mwenzangu? Umekuja lini?"

"Nimekuja kujifungua," Sebati akasema.

Mgeni akamtazama Bulu, akatazama mikono yake minene, akatazama alivyokaa mwenyewe bila kuegemezwa. Akachanganya chuda yake na ndizi, akala yote, akasema ni tamu. Basi la mchana lilipokaribia akaaga. Kwa Haramani akainama akamgusa miguu kwa heshima, ingawa walilingana umri. Kwa Sebati akasema tu, "Mkono wako ni mzuri, mwanangu. Ulale." Akaondoka kupitia tutani, mdogo, mdogo zaidi, na ua ukabaki na watu wake.

Wakapiga vigelegele, Haramani na Kumudini, mara tatu, mbele ya pishi. Hadithi ya Mama Lakshmi ikasomwa. Sebati aliisikilizia nje, mgongo ukutani, jani la chuda likiwa halijaguswa. Kisha akasikia majani yakipangwa: la kaka yake likafunikwa, la mama, la wifi. Akajua zamu hiyo inaishia wapi.

Kisha sauti ya Kumudini, ya chini.

"Mama, zamu ya kugawa ni yangu au yako?"

"Nilishakuachia wewe."

"Basi nimpe?"

Haramani alipojibu, Sebati alilazimika kuacha kupumua ili asikie.

"Unadhani namnyima? Nikimpa, nitakuwa nimesema kwa mkono wangu kwamba hawaji. Kila Alhamisi naangalia njia. Nasema, labda leo, nisimtie doa kwa mumewe."

"Wangetaka kuja, mama, wangekuja mtoto akiwa na siku arobaini. Kwetu nako wanakula leo. Mimi jina langu halitajwi huko, na sina kinyongo, ninalo jani langu hapa. Yeye jani lake liko wapi?"

Sebati akaangalia njia. Tuta lilikuwa tupu mpaka barabarani. Alitambua kwamba na yeye amekuwa akiliangalia, kila siku, hata akichota maji, na kwamba katika ule uchovu wote uliomkaa mifupani, mtoto alikuwa na sehemu ndogo tu. Uliobaki ulikuwa wa kuangalia njia.

Kumudini akatoka na jani la nne mikononi, likifuka moshi. Akatembea ubavuni mwa zile nyayo, hakukanyaga hata moja, sari ameikusanya kwa kiwiko. Akachutama akaliweka mkekani.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nyayo zako zimepinda, lakini zimefika. Alipofika yeye, mimi siwezi kupapita na chakula."

Sebati hakunyoosha mkono. Haramani alikuwa mlangoni, ameshika mwimo.

"Mama," Sebati akamwita. "Nile?"

Ilikuwa kama anaomba jambo dogo, kama mtoto anayeuliza kuhusu ndizi. Lakini wote watatu walijua. Akila, basi yule aliyeletwa kujifungua amekwisha, na aliyebaki ni wa hapa, na hapana mtu tena wa kumsubiri.

Haramani akaitazama njia, mara moja, mpaka mwisho wake. Kisha akaja akakaa kwenye mkeka, akamchukua Bulu mapajani.

"Kula, mwanangu. Umerudi."

Akala. Alikuwa amefikiri siku nyingi kwamba siku hiyo ikija atalia, au moyo utamruka. Haukuruka. Wali ulikuwa mtamu, mzito, wa moto kidogo, na alipomeza tonge la tatu mabega yake yalishuka yenyewe, kama mtu aliyetua mtungi.

"Na kisima kesho tunagawana," Kumudini akasema, akikusanya lile jani la chuda ambalo halikuliwa. "Asubuhi mimi, jioni wewe. Ule mtindo wa kujifanya mtumishi umenichosha. Unanifanya nionekane mchawi."

"Haya, wifi."

"Na hivyo vigae utanishikia ngazi."

"Haya."

Alisema hivyo macho yakiwa yameshafumba. Haramani akamwondolea jani lisimwagike, akakuta Bulu ameshaingiza mkono mzima kwenye wali na anaunyonya, kidole kwa kidole, kwa ule ufizi unaouma. Akaangalia kama Kumudini ameona, maana mtoto ni wa ukoo wa baba yake, wa nyumba nyingine. Kumudini alikuwa ameona. Akageuka akaenda kuwapelekea maji ng'ombe wa kupuria, akipita pembeni, mbali na nyayo.