Ncha ya Hariri Aliyoisokota Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huondoa mguu kwenye cherehani hata kama mteja amesimama mlangoni ananitazama. Haikuwa siku ya hapa Houston, wala ya kwetu Korogwe. Ilikuwa siku ya Bara Hindi, katika mji wa mahekalu na hariri uitwao Kanchipuram, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka Chennai. Nilikuwa bado kijana, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko mawe niliyopelekwa kuyaona.

Nikwambie kwanza anayesema nawe ni nani, usije ukadhani ni mtu wa vitabu. Shule niliiachia darasa la nne na simwonei mtu haya. Duka hili la ushonaji hapa Sharpstown, lililobanwa kati ya kinyozi na muuza simu, nimelisimamisha mwenyewe. Maharusi wanatoka Dallas, wanakula barabara asubuhi nzima ili waje wapimwe na utepe wangu. Wenye digrii zao hukaa pale kwenye benchi wakingoja zamu. Najisifu, ndiyo. Mwenye kazi nzuri asipojisifu atasifiwa siku ya mazishi, na siku hiyo hasikii.

Lakini mikono hii ina aliyeifundisha, naye ni Shangazi Mwanahawa, dada wa baba yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Akinipa kitambaa cha kukata, hakunipa chaki mpaka nimekipapasa kwanza. "Kijue mwelekeo wake," alikuwa akisema, "nguo si karatasi."

Nilipofika Amerika niliitupa kazi yake. Nikaenda kufua mashuka ya hoteli, nikijiambia kwamba kushona ni kazi ya vibarazani kule nyumbani, huku nguo hununuliwa zimekwisha kushonwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mbachao wala msala wenyewe haukuwa wangu.

Basi zikaja habari kwamba macho ya Shangazi yanaingia kiza. Madaktari wa nyumbani walimwandikia kwenda India, na hakuwa na mtu wa kumsindikiza anayejua Kiingereza. Changu kilikuwa Kiingereza cha kufulia mashuka, lakini kilitosha. Nikapanda ndege, tukakutana Chennai. Daktari alimpima siku nzima, kisha akatukalisha na kusema bila kuficha: operesheni ni keshokutwa, na huenda ikaokoa nuru iliyobaki, huenda isiokoe. Kwa fundi wa sindano, hukumu gani kubwa kuliko hiyo?

Palibaki siku moja tupu katikati. Mimi nilidhani Shangazi ataitumia kuswali na kulala. Yeye akaniambia, "Humu chumbani kuna nini cha kutazama? Dari? Nitafutie gari, mwanangu. Nasikia hariri inafumwa karibu na hapa, na kuna majumba ya mawe ya kale. Kama keshokutwa macho haya yatafungwa, nataka yafungwe yameshiba."

Ndivyo tulivyompata Bwana Selvam, mtembezaji wa wageni, mtu mwenye sharubu nene na kitambi cha heshima, ambaye tangu tulipopanda gari lake hakufunga mdomo. Alimwita Shangazi "Amma", yaani mama. Shangazi naye akamwita mwanangu. Hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe, na walielewana kuliko mimi niliyekuwa mkalimani.

Hekalu la kwanza lilikuwa la jiwe la mchanga, rangi ya mkate uliookwa, na Bwana Selvam akasema lina zaidi ya miaka elfu moja. Mlangoni lazima uvue viatu. Nikamnong'oneza Shangazi, "Sisi ni Waislamu, na humu mna masanamu."

Alikuwa keshainama anafungua kandambili. "Mola wangu yuko moyoni, hatoki kwa kuvua viatu. Sikuja kusujudu. Nimekuja kuona kazi ya watu." Pale ndani kabisa, mahali pao pa ibada, si pa wageni, na Bwana Selvam alituambia hivyo kwa adabu. Shangazi akaitikia kwamba hata kwetu kila nyumba ina ukumbi na ina chumba cha ndani. Tukabaki uani.

Na ua wenyewe, mwanangu! Mawe yalikuwa yameshika moto wa jua, tukaruka kama kuku waliokanyaga makaa, na bibi yule mgonjwa akicheka kuliko wote. Kuta zote nne zimezungukwa na vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na sura zake za kuchonga. Simba wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamebeba nguzo migongoni wala hawaonyeshi kuchoka. Katika baadhi ya vijumba hivyo rangi za kale bado zimeng'ang'ania jiwe, nyekundu hapa, kijani pale, kama hina iliyobaki kwenye kucha baada ya harusi. Waliozipaka hawajulikani hata majina. Nimekaa kwenye nchi hii ya majengo ya vioo, nimeona minara ya Dallas ikiwaka taa, na sijaona jengo lililonifanya nishushe sauti kama lile.

Ila mimi sikuishusha vya kutosha. Nilikuwa nimemshika Shangazi mkono kwa nguvu, nikimwongoza kama mtoto, na kila tulipofika namsimulia. Shangazi, hapa kuna simba. Shangazi, huyu ana mikono mingi. Shangazi, mbele yako kuna ngazi, na hii rangi ni nyekundu. Nilidhani ndiyo huruma.

Akasimama katikati ya jua. Akauchomoa mkono wake kwenye wangu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Shangazi."

"Mbona unanisomea hitima? Macho yangu ni mabovu, hayajafa. Ukungu upo, lakini nyuma ya ukungu namwona simba wako, na meno yake nayaona. Tangu tuondoke umenizika mara ngapi? Nyamaza, nione."

Bwana Selvam hakuelewa hata neno, lakini sauti ya mama anayegomba haina taifa. Alijifanya anafunga kitufe cha shati.

Nikanyamaza. Na ajabu ni kwamba nilipofunga mdomo ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuona. Shangazi alikuwa anasogea mpaka pua inakaribia ukuta, anakaa hapo, anarudi nyuma, anainamisha kichwa upande ambao jicho lake lina nguvu. Hekalu la pili lilikuwa na ukumbi wa nguzo za mawe, na penye pembe ya dari ulining'inia mnyororo. Wa jiwe! Pete ndani ya pete, na Bwana Selvam akaapa kwamba haukuunganishwa mahali popote, bali wachongaji waliutoa mzima mzima katika jiwe moja. Shangazi aliutazama kwa muda mrefu, shingo juu, machozi yakimchuruzika kwa ule mwanga, asiyafute.

"Huyu hakupata nafasi ya kukosea," akasema mwishowe. "Sisi mafundi wa nguo Mungu ametuhurumia. Sisi tunafumua."

Mchana Bwana Selvam alitaka kutupeleka duka la hariri lenye viti na soda baridi. Shangazi akakataa. "Dukani nitaonyeshwa nguo. Nataka kumwona anayeifuma." Basi akageuza gari, tukaingia uchochoro mmoja mwembamba, na kabla hatujafika tulisikia kazi yenyewe: tak-tak, tak-tak, kila nyumba na mdundo wake.

Tulikaribishwa nyumbani kwa mume na mke wenye umri wa Shangazi. Mume alikaa ukingoni mwa shimo lililochimbwa sakafuni, miguu ndani inakanyaga mbao za mtambo wa kufumia, mikono juu inarusha kijiti chenye uzi kulia na kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama hasa, maana uzuri wote ulikuwa chini pale usawa wa magoti. Ilikuwa sari ya bibi harusi, nyekundu ya damu ya mzee, na ukingo wenye tausi wa dhahabu.

Siku ile mwili mwekundu wa sari ulikuwa umefika mwisho. Sasa palitakiwa pindo la kijani, lile linaloning'inia begani. Mimi nilidhani watakata, wafume kijani mbali, kisha washone. Nicheke tu. Mke, aliyeitwa Kamala, alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mtambo, amepaka vidole majivu ili uzi usiteleze, anachukua ncha moja ya uzi mwekundu na ncha moja ya uzi wa kijani, anazisokota pamoja, anavuta, anachukua nyingine. Uzi kwa uzi, kwa upana wote wa sari, na nyuzi zenyewe nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.

Shangazi akaketi sakafuni kando yake, bila kuombwa. Akaniambia, "Mwambie mimi ni fundi." Nikamwambia Bwana Selvam, naye akamwambia Kamala. Kamala akamtazama macho yale yenye ukungu, akauliza jambo.

"Anauliza una watoto wangapi," nikasema.

"Mwambie huyu mmoja, na kwa kelele anatosha kumi."

Wakacheka. Kisha Kamala akakichukua kidole cha Shangazi, akakipaka majivu, akamwekea ncha mbili mkononi. Nikataka kusema kwamba haoni, hawezi. Neno lilifika kwenye meno nikalimeza. Shangazi alifumba macho kabisa. Akazipapasa zile ncha, akazilaza, akasokota, akavuta. Kamala akavuta naye kujaribu. Uzi haukuachia. Yule mume shimoni akapiga kofi pajani mwake.

Hapo Shangazi aliuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie yote haya. Aliuliza kwa nini wameacha kipande cha uzi mwekundu bila kukifuma. Jibu likapita kwa Bwana Selvam, likapita kwangu: uzi wa zamani hauachwi ufumwe hadi ncha. Lazima usitishwe mapema, ungali mrefu wa kushikika, ndipo wa rangi mpya upate pa kufungiwa. Ukichelewa ukaumaliza, hata uwe na hariri bora namna gani, utakuwa na nguo mbili, huna sari.

Ndani ya gari, jua likianza kulegea, Shangazi alikuwa akisugua majivu vidoleni mwake mpaka tulipoiona njia kuu. Kisha akasema, "Kesho wafanye watakalofanya. Nilikuwa naogopa fundi asiye na macho ni kitu gani. Sasa najua." Baadaye kidogo akaongeza, "Na kuna bibi harusi wa Kihindi atakayetembea na mkono wangu begani, wala hajui Korogwe iko wapi."

Operesheni iliokoa jicho moja, kwa kiasi cha kutambua mtu mlangoni na kumwaga chai kikombeni. Tundu la sindano hakuliona tena maishani. Mimi nilirudi Houston, na jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta cherehani kuukuu. Kila Jumamosi nilimpigia simu, kifaa nimekibana kwa bega, kitambaa mezani, yeye Korogwe, mimi hapa. "Papasa," anasema. "Kimevutika upande gani? Hapo usikate." Ndivyo nilivyojifunza kanzu, joho, na gauni la bibi harusi. Nilimuwahi. Alipofariki uzi ulikuwa tayari umefungwa.

Sasa wewe, mwanangu. Unakuja hapa dukani na bibi yako kutoka Vickery Meadow kule Dallas, umemshika kiwiko, na akitaka kusema rangi anayoipenda unamjibia. Anakusemesha Kiswahili, unamjibu Kiingereza. Ukiulizwa kama unajua kupika pilau yake au dua anazokuombea, unasema utajifunza ukimaliza masomo, ukipata kazi, ukitulia. Ngojangoja huumiza matumbo. Usimsomee hitima mtu anayepumua. Uachie mkono wake atembee, nyamaza akuonyeshe anachokiona, maana anaona. Na lolote alilonalo, lugha, upishi, sindano, lichukue leo ungali na ncha ya kushika. Sikwambii uache rangi yako mpya. Pindo la kijani ndilo lililoipendeza ile sari. Nakwambia lifunge penye wekundu.

Mola akupe vidole vyenye subira. Akupe wazee wa kukugombeza mchana kweupe mbele za watu, nawe uwe na masikio ya kuwashukuru. Na siku yako ya harusi ikifika, njoo nikupime mwenyewe. Njoo na bibi yako, na safari hiyo mwache achague rangi.