Visigino vya Wajukuu Wangu

Mujukuu wangu alilala muzima, akaamka bila miguu. Alitaka kwenda kwenye robine ya maji, magoti yakagongana, akaanguka mbele ya kibanda chetu cha shitingi ya plastiki. Ni mutoto aliyekuwa anacheza ngoma kanisani mpaka bamama wananiuliza miye nyanya yake, "Koko, huyu ni wako?" Najibu, "Wa nani basi? Angalia miguu yake, halafu angalia yangu."

Nikamwambia, "Simama, muvivu weye!" Akasimama juu ya vidole, kama udongo uko na moto. Visigino vilikataa kushuka.

Kwenye kituo cha afya, muganga alimugonga chini ya goti kwa kanyundo kadogo. Muguu ukaruka kama panzi. Nikafurahi: "Umeona? Iko na nguvu!" Muganga hakucheka. Akamuchoma kidole cha muguu kwa sindano, mutoto akalia.

"Koko, anasikia. Njia ya kupandisha habari kichwani ni nzima. Iliyoharibika ni ya kushusha amri. Ubongo unasema kaza, ubongo unasema legeza, na neno linapita ndani ya mugongo mpaka miguuni. Sasa neno la legeza halifiki. Ndiyo maana misuli imekaza, na goti linaruka bila mukubwa wa kulituliza."

"Nani ameikata hiyo njia?"

"Munakula nini?"

"Fufu, ugali ya muhogo muchungu."

"Na nini?"

"Na fufu."

Akamuuliza muke wa mutoto wangu, mama ya huyu mutoto, tuliyekuja naye, kama analowesha muhogo vizuri. Huyo akaangalia chini.

Kule kwetu Djugu tuliulowesha mutoni mpaka kidole kinazama kama ndani ya avoka, tukauanika juani, tukaula na maharagi. Hapa kambini Bunia maji ni foleni ya mabido, madumu matupu, na beseni la muhogo ndilo la kuogeshea watoto. Mama yao alikuwa anautoa ungali mugumu. Nilimwambia, "Huu bado iko na sumu." Akanijibu, "Mama, ambia tumbo za watoto zingoje." Nilikula na miye.

"Atapona?" nikauliza.

"Njia hiyo ikikufa kwa sumu ya muhogo haioti tena, Koko. Atajifunza kutembea na fimbo. Kama kuna mwingine nyumbani, umuchunge."

Yule mwingine ni mudogo wake. Sasa beseni linakaa karibu na mukeka wangu, hakuna mutu anaugusa muhogo mpaka kidole changu kizame. Lakini tuliyokula tumekwisha kula.

Leo asubuhi nilikuwa napepea mukaa. Yule mudogo akapita mbele yangu juu ya vidole, anayumba, kama dada yake kabisa. Nikamupigia kelele:

"Weye! Acha kucheka dada yako!"

Akageuka, macho makubwa. "Simucheki, Koko."

"Basi shusha visigino."

Akashusha kimoja. Nikaacha mukaa uzime, nikaangalia kile cha pili, kingali juu.