Kitako Kilichopinda

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni seremala, alikitoa uvunguni kitako cha bunduki alichokichonga baba yangu, akasema kimepinda. Nikachoka kabisa.

Maana ndivyo nilivyosema mimi nikiwa mtoto, mchana ule karakana yetu ya Msimbazi iliponuka mafuta ya kitani na vumbi la mninga. Mwarabu mmoja mwenye duka alikuwa ameifuata bunduki yake ya mitutu miwili, iliyowekwa kitako kipya. Nikadhani baba hajaliona kosa lake.

"Shikamoo, bwana. Kimepinda hicho," nikamwambia yule Mwarabu.

"Nimekipinda makusudi," baba akamwambia, "jicho lako lilingane na mtutu. Kiweke begani uone."

"Hata mtoto ameona, fundi."

Baba akaifungia bunduki tena kitako chake cha zamani chenye ufa. Kile kipya akaenda nacho nyumbani, akakisukuma uvunguni.

Nilimweleza mjukuu yote hayo. Akasema ameelewa, akaenda kuleta randa akinyooshe.